Bunduki ya Kimo Changu

Shemeji yangu alikuwa akiendesha gari kutoka mji wa DeSoto hadi kwangu Katy, humo humo Texas, safari inayokula nusu ya Jumamosi nzima. Akifika anakaa kwenye kochi, anakunywa chai, anaisifia chai, anauliza habari za kazi, anauliza habari za binti yangu aliyekuwa chuoni jimbo jingine. Ninapoanza kudhani kwamba safari hii amekuja kunisalimia tu, anakohoa kidogo na kusema, "Sasa shem, ile kitu ya bro..."

Kitu chenyewe ni bunduki. Ilikuwa kabatini nyuma ya makoti, na mwenye makoti, mume wangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Moyo ulimsimama akiwa kazini. Tulimpeleka kwao, Bonde la Ufa, tukamzika, nami nikarudi Texas kwenye nyumba kubwa tuliyoinunua tukidhani tutazeekea humo.

Mimi ni Mtaita. Yeye alikuwa mtu wa kule juu kwenye baridi, na hakuna kati yetu aliyejua lugha ya mwenzake zaidi ya salamu na matusi. Ndoa yetu yote ilikuwa ya Kiswahili. Tuligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili, na binti yetu tulimsemesha Kiswahili akatujibu Kiingereza tangu siku aliyoanza shule. Kwa hiyo alipoondoka yule bwana, aliondoka na lugha ya nyumbani. Kazini kwangu hospitalini nilishinda nikisema Kiingereza, kwenye simu na binti ni Kiingereza, na nikifika nyumbani sisemi kitu. Zilipita wiki ambazo Kiswahili changu nilikisikia pale tu nilipojigonga kidole mlangoni.

Shemeji ndiye peke yake aliyekileta ndani ya nyumba ile. Halafu ana sauti ya kaka yake. Mimi nikiwa jikoni na yeye sebuleni, akiuliza sukari iko wapi, ilinibidi nishike ukingo wa sinki kwanza ndipo nimjibu. Nilimpenda na nilimchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Kwao mtu akifa, vitu vyake vya kiume hugawiwa ndugu zake. Zamani ilikuwa upinde, mishale, kigoda. Shemeji alikwishachukua suti, saa ya mkononi na kiti cha ngozi alichokuwa akilalia mume wangu Jumapili. Sikupinga. Suti ningevaa mimi? Lakini bunduki nilikataa, na yeye hakuelewa.

"Bunduki ndiyo upinde, shem," aliniambia. "Na wewe hata huwezi kui-lift. Uta-keep ya nini?"

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. Ilikuwa bunduki ya kuwindia kulungu, mtutu wake mrefu, aliyoinunua mume wangu kwa mfanyakazi mwenzake, na yeye alikuwa mrefu kama mlango. Mimi mfupi. Alinipeleka mara moja tu kwenye uwanja wa shabaha. Niliinua, mtutu ukainama. Niliinua tena, ukainama tena. Alicheka mpaka akapangusa machozi, kisha akasimama kushoto kwangu, akaweka kiganja chini ya ile mbao ya mbele inayoushika mtutu na kusema, "Mimi nabeba, wewe lenga." Nilifyatua. Sikugusa hata karatasi, achilia mbali duara lililochorwa juu yake. Akanigeukia na kusema, "Umeona?" kana kwamba nimeua simba. Hicho ndicho nilichokuwa nimefungia kabatini, na nisingempa mtu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Kwetu suruali ya marehemu haitupwi. Inakatwa, inapindwa, inavaliwa na aliyebaki. Basi siku moja ya mapumziko nikaingia gereji, nikahakikisha bunduki haina risasi, nikaibana kwenye jiliwa la mume wangu. Nikajipima kwa mkono kutoka begani, vile mama alivyowapima wateja wake, nikaweka alama ya chaki kwenye mtutu na kuchukua msumeno wa chuma. Niliona ni jambo la kawaida kabisa. Kitu ni changu na mimi ndiye mfupi. Lakini msumeno ulikuwa butu, ukateleza na kukwaruza tu. Nikapiga simu kwa fundi bunduki mmoja kando ya barabara kuu ili nimuulize meno ya msumeno yawe ya namna gani.

Akaniuliza nimeweka alama wapi. Nikapima, nikamwambia ni kama inchi kumi na nne kutoka pale mtutu unapoanzia.

"Bibi," alisema, "weka msumeno chini. Funga gereji. Njoo na hiyo bunduki kwangu."

Alikuwa mzee mnene, mwongeaji, anayejipenda, na redio yake haikuzimwa hata nilipokuwa nikimwambia kwamba mume wangu amekufa. Alichukua ufito mwembamba, akafunga bolti, kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma, akauingiza ufito mtutuni mpaka ukagota. Alisema hivyo ndivyo serikali inavyopima, wala haijali mkono wa mtu una urefu gani. Mtutu wa bunduki ya namna ile usipungue inchi kumi na sita, na bunduki nzima isipungue ishirini na sita. Ukishuka chini ya hapo bila kibali, hata kama bunduki ni yako, hata kama umeikatia ndani ya gereji yako, umejipatia kesi ya serikali kuu, na Texas nayo itakuja na yake.

"Na kibali?" niliuliza.

Akasema kibali kipo, kwa mwenye subira: unaomba kwanza, unatoa alama za vidole, unalipa kodi, unangoja jibu, na hukati mpaka jibu lije. Nilikuwa nimetoka kuomba vibali vya kusafirisha maiti kutoka nchi moja hadi nyingine. Nilimwambia sitaki tena karatasi yoyote yenye mhuri.

"Basi nitakukatia kumi na nane," alisema. "Kumi na sita ni sheria. Kumi na nane ni usingizi wangu."

Kisha akaniambia mambo mengine, akinihesabia kwenye vidole vyake vinene. Itapiga kelele zaidi. Risasi itapoteza mwendo kidogo. Kile kijino cha kulengea kule mbele kitang'olewa na kusogezwa nyuma. Mdomo wa mtutu lazima usawazishwe vizuri baada ya kukatwa, kwa sababu ukingo ukienda upande, risasi nayo inaenda upande. Na kama nataka inikae begani, mtutu peke yake hautoshi, kitako nacho kipunguzwe, maana mikono yangu ni mifupi pia. Hilo la mikono alilisema bila aibu yoyote.

"Na uelewe," alimalizia, "ikishakatwa hivi haimfai tena mwanamume mrefu. Hakuna atakayeitaka."

Sijui kama nilitabasamu. Nilimwambia, "Kata."

Nilipoirudia alikuwa ameifunga vizuri, na pembeni kulikuwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na kile kipande kilichotoka, kifupi kama kipande cha bomba. "Hiki ni chuma tu," alisema. "Kisheria si kitu." Nilikitia kwenye mkoba.

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja. Chai, sifa za chai, kazi, binti, kikohozi. Kabla hajaanza nilikwenda kabatini, nikaitoa, nikahakikisha tena kwamba ni tupu, nikamkabidhi. Aliiweka begani. Kitako kilimkaa vibaya, kiwiko kikapinda kama cha mtu aliyevaa koti la mtoto. Akaishusha, akautazama mtutu ulipoishia.

"Shem, umefanya nini?"

"Nimepunguza. Ilikuwa ndefu."

"Ume-ruin kitu ya bro."

"Hata suti zake umezipunguza kiuno," nilimwambia. "Nilikuona kanisani."

Hakucheka. Nami nilikuwa bado na hasira, basi nikachukua ule mfuko wa karatasi na kumpa. "Na huu ndio mgao wako," nilisema. Nilimpa kwa kejeli, nikitaka imchome.

Alikitoa kile kipande. Alikigeuza, akakiinua na kuchungulia dirisha kupitia tundu lake. Nilingoja anitukane. Badala yake aliweka kikombe chini, akasimama, akakishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake. Alisema maneno machache kwa lugha yao. Sikuyaelewa, na hakunitafsiria. Akakitia mfuko wa ndani wa koti, ambalo lilikuwa koti la kaka yake.

"Asante, shemeji," alisema. "Sasa imeisha."

Nilidhani anazungumzia ugomvi. Alikuwa anazungumzia matanga. Kwao mtu hamalizi kuzikwa mpaka vitu vyake vigawiwe, na mradi bunduki ilikuwa kabatini kwangu, alikuwa na wajibu wa kuja. Nilimpa mgao wake, wajibu ukaisha. Mwezi uliofuata hakuja. Alipiga simu sikukuu ya Krismasi, tukasalimiana kwa upole sana, na aliponiita shemeji kwa sauti ile niliweka simu begani ili asinisikie nikilia. Baadaye simu nazo zikawa za nadra. Simlaumu. Nilitaka bunduki, nikaipata.

Majira yale yale ya baridi niliipeleka kwenye uwanja ule ule wa shabaha. Nilisimama kwenye kibanda changu, nikaweka vizibo masikioni, nikaiinua. Haikuinama. Ilikaa begani kama imezaliwa hapo, mtutu ukatulia wenyewe mbele yangu, mwepesi, na nikakuta nimesimama tu hivyo, silengi chochote, nikisubiri kitu chini ya ile mbao ya mbele. Kisha nikalenga. Kelele ilikuwa kubwa kama alivyosema fundi. Karatasi ilipovutwa karibu ilikuwa na tundu, halikuwa katikati, lakini lilikuwa ndani ya duara.

Niligeuka kushoto. "Umeona?" nilisema, kwa sauti.

Kijana wa kibanda cha pili aliinua kifuniko cha sikio moja, akaniuliza kwa Kiingereza kama nilikuwa nazungumza na yeye. Nikamjibu kwamba hapana, samahani.