Wimbo wa Aliyekimbia Trekta

Muhula mzima tuliimba habari za theluji, ambayo hata mwalimu wetu wa nyimbo hakuwahi kuiona. Labda alichoka. Tulipofunga shule akaamuru kila mtu arudi shuleni Nachingwea na wimbo wa kwao pamoja na habari zake: nani alitunga, lini, unaimbwa kwenye kazi gani. Asiyeleta, atoke kwenye kwaya.

Mimi nikisema peke yangu, sauti hainitoki. Kwenye kwaya ndiko nilikokuwa mtu.

Bibi yangu, kule Mbekenyera, alinipa wimbo wa kutwangia. Wimbo wenyewe ulisema hivi: trekta la Wazungu waliokuja kulima karanga lilipita njiani likikohoa moshi. Bwana mmoja akadhani linamfukuza yeye. Akakimbia mpaka Matambarale, shuka ikabaki nyuma, matako yakatangulia kufika.

"Bibi, ni nani huyo?"

"We imba tu. Wimbo wa kwenye kinu hauna kesi. Mama mkwe wangu nimemsema kwenye kinu miaka yote, na ugali wangu akala."

Darasani niliimba nikiangalia vidole vya miguu. Wenzangu wakacheka mpaka madawati yakalia. Nikajiona fundi, nikainua macho. Mwalimu hacheki. Naye kwao Mbekenyera; hilo sikuwa nimelifikiria.

"Huyo ni baba yangu," akasema.

Nikaona kwaya ndiyo hiyo, inaniponyoka. Nikajitetea kwa sauti ya panya: "Mwalimu, wimbo wa kwenye kinu hauna kesi."

"Kinu kiko wapi?"

Akanipata. Bila kinu nilikuwa nimemtukana mzee wa watu, basi. Nikakimbilia jikoni, nikamwomba mpishi kinu, mchi na mahindi, nikavileta mbele ya darasa.

"Mama watoto, ugali lini?" wakapiga kelele wenzangu, kwa kuwa kutwanga kwetu ni kazi ya wanawake, nami mvulana. Nikatwanga. Nikaimba upya, sikuruka kitu, hata matako. Jasho na aibu vilinitoka pamoja.

Mwalimu alisimama kando ya kinu, mikono nyuma, kimya, kama impasavyo anayeimbwa. Nilipomaliza alichota unga, akaulamba.

"Chenga tupu hizi. Kwaya utabaki," akasema. "Lakini habari zake ziandike sawasawa. Matambarale hakufika. Aliishia Nandagala, juu ya mkorosho, na mimi ndiye niliyempelekea shuka."