Ubao wa Saba wa Khuê

Siku ya Jumanne Khuê alirudi kutoka Hanoi, alikokwenda kumwona binti yake, akakuta ubao wake wa saba wa mchoro unang'aa kama kioo. Alijiona mwenyewe ndani yake, kofia kichwani, mdomo wazi.

"Nani?" aliuliza, ingawa katika nyumba ile wa kuulizwa alikuwa mmoja tu.

Kaka yake Thoại alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai, viganja vimemwiva kwa kusugua.

"Siku tatu," alisema kwa furaha. "Msasa mkali, msasa laini, halafu unga wa mkaa na kiganja kitupu. Uliuacha umejaa vipele, mdogo wangu. Nikasema, akiupeleka hivi kwenye maonyesho, watu watadhani ukoo wetu umesahau kazi."

"Vile vipele nilivitia mimi, kaka."

"Kwa makusudi?"

"Kwa miezi mitano!"

Thoại alikuwa ametengeneza sinia na vyombo vya maua kwa miaka arobaini. Kwake, sinia lenye kikwaruzo cha kukamata hata uzi wa kitambaa lilikuwa aibu ya kumkosesha usingizi. Khuê alijifunza kwake kupaka utomvu wa mti unaokauka ukawa rangi ngumu, tabaka juu ya tabaka, mpaka alipofika miaka thelathini na kuanza kuchora mbao zisizo na samaki wala ua la yungiyungi. Tangu hapo hakuna jirani aliyeingia bila kuinamisha kichwa na kuuliza, hii ni nini? Mmoja aliona nyati. Mwingine aliona ramani, akauliza mto ni upi. Khuê alishachoka kujibu.

Ubao huu alikuwa ameupaka wekundu chini na weusi juu, akachanganya majivu na maganda ya mayai yaliyopondwa. Alipanga kuusugua mahali pawili tu, wekundu uchungulie. Kwingine kote kulitakiwa kukwaruze, mkono ukigusa utake kurudi nyuma. Bila ukwaruzaji ule, huzuni yote ya mchoro ilikuwa imeondoka. Imebaki meza nzuri.

Na gari lingekuja Ijumaa. Mbao sita zilikwisha kwenda. Huu wa saba ulitengewa ukuta unaotazamana na mlango, na mwenye ukumbi wa maonyesho alikwisha sema: usipofika, ukuta atapewa mwingine. Khuê alikuwa ameungoja ukuta huo miaka kumi na mmoja.

Akachukua kisu, akaanza kuukwangua ule mng'aro.

"Mama yangu!" Thoại alishika kichwa. "Si bora unikwangue mimi!"

"Zamu yako itafika."

Alipopaka upya, wekundu kisha weusi wenye majivu na maganda, Thoại alitoka nje, akanusa upepo mkavu wa kaskazini, akarudi akitikisa kichwa. Utomvu ule hukaukia kwenye unyevu tu. "Kwa hewa hii utabaki mbichi mpaka Mwaka Mpya."

"Basi lowesha magunia. Si una mikono ya kazi?"

Alilowesha. Kwa siku mbili alitundika magunia ya maji kuzunguka kabati la kukaushia, akachemsha birika baada ya birika, mpaka mashuka yakawa maji na paka akahama. Kila birika lilikuja na lalamiko lake.

Alhamisi mchana Khuê aliugusa ubao kwa mgongo wa kidole. Umekauka. Alisugua kwa maji mahali pake pawili, taratibu, na wekundu ukapanda. Mkono wa Thoại nao ukapanda kutaka kusugua, kwa mazoea tu.

"Kaka! Mikono nyuma!"

Akaiweka nyuma. Akautazama ubao toka juu mpaka chini.

"Umekosea," alisema. "Ukuta wa jiko la mama haukuwa mwekundu hivyo. Ulikuwa mweusi tii."

Khuê hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba alichochora ni ukuta huo.

"Moto ukiwaka ulikuwa mwekundu," alisema, akiufuta ubao maji. "Utajuaje, wewe hukukaa jikoni."

"Na kuni alipasua nani? Au zilijipasua?"

"Kalete blanketi la kuufungia."

"Bado una vipele."

"Blanketi, kaka!"

Ijumaa asubuhi, vijana wa gari walipouinua ubao, blanketi liliteleza kidogo. Kwenye kona ya chini, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, paling'aa kama kioo.

Khuê aligeuka. Thoại alikuwa ameinamia kikombe cha chai, akikitazama kama mtu anayetafuta nzi.

"Kaka Thoại!"

"Wahi," alisema bila kuinua uso. "Gari linaondoka."