Maharage Yangu Yalipurwa Rundo Moja

Admin, sijui nikuamkie au nisubiri shikamoo yako, maana umri wako siujui. Ninachoomba ni jina langu lisionekane. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu, bwana shamba mstaafu, naishi Singe hapa Babati. Watoto wameshajitegemea, na kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Haya ninayoandika hata mke wangu hayajui.

Miaka ya themanini nilikuwa chuo kikuu nasomea kilimo. Vijana mnaolalamika leo, ile hali hamkuiona. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kugawiwa, na kitabu kimoja darasa zima tulikisoma kwa zamu. Walimu wetu walikuwa wasomi kweli, lakini mshahara haukufika katikati ya mwezi. Msimamizi wangu, tulimwita Daktari, alifuga kuku nyuma ya nyumba aliyopewa na chuo, na mkewe aliuza maandazi. Kipindi kikigongana na chakula cha kuku, kuku walishinda. Nasi wanafunzi hatukuwa malaika, kila likizo tulichuuza chochote tulichopata.

Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa afanye utafiti. Baba alinipa sehemu ya shamba lake hapa Singe nipande maharage. Nikaigawa vipande kumi na viwili, sita nikatia samadi, sita nikaviacha hivyo hivyo. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuna kila kipande peke yake na kupima, ili ijulikane samadi inaongeza kiasi gani. Kila kipande nilikichomekea kijiti chenye namba. Maharage yakikaribia kukauka, nikasikia sabuni inapatikana Arusha. Nikaondoka, nikaaga kwamba ni siku mbili tu. Wakati wa kurudi lori likaishiwa dizeli, nikakaa Makuyuni siku tano na katoni zangu za sabuni.

Nilipofika nilikuta shamba jeupe. Mama aliona wingu zito, akaogopa maharage ya mwanawe yasije yakaoza. Akaita majirani, wakang'oa yote asubuhi moja, na yalipokauka wakayapura kwa fimbo rundo moja na kuyapepeta vizuri. Vijiti vyangu vya namba walivichemshia chai. Mama alinipokea anacheka.

"Mwanangu, tumekusaidia. Hata punje moja haikupotea."

Nilisema asante Mama, nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Wiki iliyofuata Daktari akaja kunikagua, amepanda lori la mnunuzi wa mahindi. Alikaa kwenye benchi uani, akala, akaongea na baba, akauliza mahindi huku yanapatikanaje. Shambani hakwenda. Nikajikaza, nikamweleza kwamba maharage yamechanganyika na sina cha kupima.

"Wewe ni mtoto wa mkulima," akasema. "Unajua samadi inazaa. Andika unachokijua."

"Lakini Daktari, sikupima."

"Na mimi sikuja na gari la chuo, kijana. Nimekuja juu ya magunia. Tusaidiane."

Baba alimpa magunia mawili ya mahindi kwa heshima ya mgeni, wala hakujua kitu. Chuoni nilimpelekea ripoti akiwa kwenye banda lake la kuku, akaisaini juu ya gunia la pumba bila kuifungua. Niliandika kwamba samadi ilizidisha mavuno mara mbili. Nikapata digrii, nikaajiriwa, na wakulima wa Singe na Nangara nikawahubiria hivyo hivyo mpaka nikastaafu. Daktari simlaumu sana. Yeye alikuwa na watoto wa kulisha, mimi nilikimbilia sabuni tu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda karibu miaka arobaini, ndiyo maana nilijisahau.

Sasa nina mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe. Yuko chuo, mwaka wa mwisho. Aliikuta ripoti yangu maktaba, akafurahi mpaka akanitumia picha ya jalada. Akaamua kurudia jaribio lile lile kwenye shamba lile lile la babu yake. Mtoto huyu hakubanduka shambani. Alivuna kipande kimoja kimoja, kila kimoja na mfuko wake, na majirani walipotaka kumsaidia aliwakatalia mpaka wakanuna. Alipopima, samadi ilikuwa imeongeza kidogo tu.

Msimamizi wake naye ana duka lake la dawa za mifugo, shambani hajakanyaga. Alisoma yale matokeo akamwambia, "Umekosea mahali. Mwenzako zamani alipata mara mbili, shamba hilo hilo. Karekebishe, la sivyo unarudia mwaka."

Jana akanipigia analia.

"Mjomba, shikamoo. Nimerudia hesabu mara tatu, sioni nilipokosea. Naomba daftari lako la zamani nilinganishe. Au niandike tu zifanane na zako? Wewe ndiye uliyenifundisha kilimo, Mjomba. Ukisema niandike, naandika."

Nilisingizia mtandao, nikakata simu. Akanitumia ujumbe kwamba analifuata daftari mwenyewe. Nikisema ukweli, naogopa cheti changu, naogopa nitawatazamaje wakulima walioniamini. Zaidi namwogopa mama yangu. Bado yu hai, amepita miaka tisini, na kila mgeni akija humsimulia jinsi alivyookoa maharage ya digrii ya mwanawe. Nikinyamaza, mtoto aliyefanya kazi yake kwa haki atajifunza uongo, na mwalimu wake nitakuwa mimi.

Anafika kesho kwa basi la asubuhi kuchukua daftari ambalo halijawahi kuwepo. Ndugu zangu, nipeni mawazo kabla basi halijaingia stendi. Nimkabidhi nini mtoto huyu?