Kuku wa Mama na Lile Jiko

Mimi ni mjuaji. Nimeambiwa hivyo tangu shule ya msingi, na sikuwahi kuona kama ni tusi hadi mwaka ule mvua ya mawe ilipotupiga kwetu, juu ya Molo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nakuru baada ya baba kufa, ili nikae na mama. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba mama hakunihitaji, alikuwa na kuku wake kumi. Kila asubuhi alivaa gambuti, akawatupia mahindi na kuwapa habari zote za nyumbani: nani amepiga simu, ng'ombe wa jirani amezaa, dada yangu amekosana tena na mumewe. Mengi niliyajua kwa kusikiliza dirishani, kwa sababu tangu tumzike baba alinijibu ndiyo au hapana, basi. Niliwaonea kuku wivu na sioni haya kusema. Yule kishingo, aliyeanguliwa bila manyoya shingoni, nilimchukia zaidi ya wote kwa sababu ndiye aliyepakatwa.

Jambo moja tu tuligombania: jiko. Kwetu ni baridi, na mwezi wa saba mama alipenda kuingiza jiko la makaa chumbani, afunge dirisha na alale. Nilimkataza. Nilimweleza habari ya hewa ya makaa, isiyo na rangi wala harufu, nikamtajia wale watu tunaowasikia redioni kila mwaka, waliolala wazima na asubuhi mlango ukavunjwa na majirani. Mwishowe alikubali jiko libaki jikoni, nami nikajipongeza.

Siku ile mawingu yalitoka upande wa msitu saa tisa mchana. Mawe ya kwanza yalikuwa kama maharagwe. Baada ya muda mfupi yalikuwa kama ndimu, na mabati yakapiga kelele hata nikawa naona mdomo wa mama ukisema kitu nisichokisikia. Kuku walikuwa katikati ya shamba la viazi, mbali na kibanda chao. Mama alitaka kutoka, nikamshika mkono, na alipojivuta nikamshika kwa nguvu zaidi. Tulisimama mlangoni tukiwatazama wakikimbia huku na kule, wakianguka, wakiinuka.

Ilidumu kama nusu saa. Ilipokoma, shamba lote lilikuwa jeupe na viazi vimekatwakatwa hadi chini, na hewa ilinuka majani mabichi. Mama alitoka bila gambuti. Watatu tuliwakuta wamekufa kando ya ua, jogoo akiwa mmoja wao. Saba walikuwa hai, wamelowa chapachapa, macho yamefumba, miguu yao baridi kama vijiko. Kibanda kilikuwa kimeporomoka, kwa hiyo tuliwabeba hadi stoo, chumba kidogo cha mbao tunakoweka viazi vya mbegu, tukawafuta kwa sweta kuukuu la baba. Mama aliwaambia pole, pole, mmoja baada ya mwingine.

Kisha nikaleta jiko limejaa makaa mekundu. Nikafunga dirisha, nikaziba nyufa kwa magunia, hata ule upenyo wa chini ya mlango.

"Si wewe hunikataza jiko ndani ya nyumba?" mama akauliza.

"Mum, wewe ni mtu. Hizi ni kuku, na zinakufa na baridi."

"Basi wacha mlango wazi kidogo."

"Nikiwacha wazi, jiko itasaidia nini?"

Sikupaza sauti. Nilitumia ile sauti yangu nyingine, ya kumweleza mtu kitu ambacho angepaswa kukijua. Mama akatoka, nami nikafunga mlango kwa komeo.

Nataka ieleweke kwamba nilijua. Sina wa kumsingizia. Nilikuwa nimeihubiri hewa ile miezi mizima, lakini siku hiyo nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonipofusha. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mama alikuwa na shida ambayo mimi ningeweza kuitatua.

Nilienda kufagia barafu iliyoingia jikoni pale bati lilipong'oka. Nikawasha moto, nikachemsha chai, nikampelekea mama na tukainywa. Yapata saa mbili zilipita. Kulikuwa bado na mwanga mama aliposema twende tukawaangalie.

Manyoya yao yalikuwa yamekauka vizuri. Sita walikuwa wamelala kuzunguka jiko, bila jeraha lolote, vichwa vimelegea sakafuni. Kishingo peke yake alikuwa mlangoni. Alikuwa amelivuta lile gunia na kuuingiza mdomo wake kwenye upenyo, na alikuwa akihema.

Mama alimchukua, akanipita. Nilitaka anitukane, hakunitukana. Nilichimba shimo mwisho wa shamba, nikawazika wote tisa pamoja, maana hatukuwa na moyo wa kuwala.

Kesho yake akina mama wa kanisa walikuja kutupa pole kwa hasara ya viazi. Mmoja akauliza habari za kuku.

"Mvua ilimaliza tisa," mama akasema.

Akaongeza kwamba nilijitahidi sana kuwaokoa. Wakanisifu, wakasema mama ana bahati kuwa na msichana kama mimi, nami nikawamiminia chai. Alirudia hivyo hivyo kwa dada yangu kwenye simu, na kwa mwenye duka, na kwa kila aliyeuliza. Kila mara nilikuwa karibu, na kila mara nilinyamaza.

Kishingo alipona, lakini mama hakumwongelesha tena. Alimtupia mahindi, akasimama kidogo, akarudi ndani. Nilikaa dirishani nikingoja asikike na hakuna kilichosikika. Kimya hicho kiliniumiza kuliko lile shimo.

Wiki ya tatu wale akina mama walirudi kwa maombi. Mmoja wao aliomba kwa muda mrefu, na mwishowe akamshukuru Mungu kwa binti aliyepigania mifugo ya mamake. Sikuweza kungoja amina.

"Kuku sita hazikuuawa na mvua," nikasema. "Ni mimi nilizifungia na jiko. Mum aliniambia niwache mlango wazi, nikakataa."

Walifumbua macho. Mtu alikohoa. Mama alitazama kikombe chake, kisha akasema chai inapoa, watu wanywe.

Walipoondoka nilibaki jikoni nikiosha vikombe. Nilisikia gambuti zikipita nje, kisha mahindi yakimwagwa. Nikafunga mfereji wa maji ili nisikie.

"Amesema," mama akamwambia kishingo.

Kisha akaanza kumweleza kwamba viazi vilivyobaki vimeoza, na kwamba dada yangu amerudi kwa mumewe, na kwamba hilo bati la jikoni halijatengenezwa bado.