Mtaa wa Vilabu Nyuma ya Forodha

Nilimdanganya binti yangu kwamba bibi yake alikuwa na mgahawa. Hakuna aliyenilazimisha. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa ughaibuni, Flemingdon Park, alisema siku moja, tukimenya viazi vya sherehe ya ubatizo, kwamba mtoto wa kilabu cha pombe unamjua hata akivaa suti. Hakujua anamsema nani. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka, lakini niliendelea kumenya. Nikarudi nyumbani nikadanganya. Mpaka leo sijui nimkasirikie yeye au nijikasirikie mimi.

Mtoto ana miaka tisa. Mwalimu aliwapa kazi: usimame mbele ya darasa, umweleze mtu wa ukoo wenu aliyejenga kitu. Akamchagua bibi yake na mgahawa wake. Akachora meza zenye vitambaa vyeupe. Vitambaa! Nikamtazama anavyopaka rangi, nikamchongea penseli. Wazazi tulialikwa kwenda kusikiliza siku ya Alhamisi.

Wiki moja kabla, darasa lilipelekwa kutembezwa katikati ya mji, nami nikaenda kama mzazi wa kusaidia. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu watoto na kuokota glavu. Mzee aliyetutembeza alisimama kwenye kona, mbele ya jengo la vioo, akasema hapa zamani palikuwa tope tupu. Kambi ya askari, vibanda, na msitu. Halafu vikaja vilabu vya pombe, kimoja ubavuni mwa kingine. Humo ndimo kesi zilimosikilizwa, humo barua zilisubiri wenyewe, humo wasafiri walilala. Kila kilabu kilikuwa na ubao wenye picha mlangoni, maana wengi hawakujua kusoma. Na baadhi ya wenye vilabu, alisema, walikuwa wajane.

Nilibaki mdomo wazi, theluji inaniingia. Mzungu yule alikuwa anauelezea mtaa wetu.

Mimi nimezaliwa Tunduma, mpakani, malori yanapovukia kwenda Zambia. Baba alikufa nikiwa mgongoni. Mama alipofika nyuma ya forodha na pipa lake, palikuwa tope na nyasi. Walikuwapo wanawake wengine, wajane na walioachwa, na wote walipika komoni, pombe ya mahindi na ulezi. Wakagawana siku ili pombe ya mtu isichache bure. Jumatatu ya mama, Jumanne ya jirani, hivyo hivyo mpaka wiki iishe. Mwenye siku yake alisimamisha mti mrefu mlangoni na kufunga majani juu, na dereva aliye mwisho wa foleni ya malori alijua pa kwenda. Madereva walisubiri karatasi zao siku tatu, nne. Waliwaachia wale wanawake barua na funguo, na mmoja alimwachia mama mwanawe mgonjwa, akamkuta amepona. Mama, aliyeishia darasa la nne, aliamua kesi ya mpaka wa shamba akiwa ameshika upawa, na wanaume wazima wakatii. Mashine ya kusaga ilijengwa pale kwa sababu yao. Soko likafuata mashine. Sekondari nilisomeshwa na pipa.

Niliyaona hayo yote kwa macho yangu, nikadhani ni ulevi tu. Ilibidi nivuke bahari nielezwe na mtu mwenye kofia ya manyoya kwamba hivyo ndivyo miji inavyozaliwa.

Kwenye basi la kurudi nilimwambia mtoto ukweli. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Sasa kwa nini ulisema mgahawa?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Nikamwambia tutampigia bibi amweleze mwenyewe. Jumamosi asubuhi tukampigia simu mama.

"Eti nilikuwa na nini?"

"Mgahawa, Mama."

"Mgahawa! Mimi ambaye wali wangu unaungua mpaka mbwa anasusa? Nani kakutuma unitukane?"

"Watu wa huku, Mama, wana maneno..."

"Kwani huko wanakunywa maji tu? Hebu nipe mke mwenzangu niongee naye. Wewe nenda kaoshe vyombo."

Nikaenda kuosha vyombo. Waliongea muda mrefu, mtoto na Kiswahili chake cha kuvunjika, wanacheka.

Alhamisi ikafika. Yule mama wa viazi alikuwapo, viti viwili kutoka kwangu; mwanawe anasoma darasa hilohilo. Binti yangu alisimama na karatasi mpya, mchoro wa vitambaa keshautupa. Alieleza yote kwa Kiingereza, ila neno kilabu aliliacha kwa Kiswahili. Mwalimu akamuuliza kama bibi yake naye alikuwa mnywaji.

"Kikombe cha kwanza tu," akasema. "Watu walikuwa wageni, wanaogopa kuwekewa sumu. Kwa hiyo ilibidi anywe yeye kwanza, mbele yao. Lakini haipendi. Aliniambia hata harufu yake haipendi."

Nimelala chumba kimoja na mwanamke yule tangu kuzaliwa mpaka namaliza shule, na hilo sikulijua. Kila Jumatatu nilimwona akikipeleka kile kikombe mdomoni, uso mkavu, kisha anacheka na kuwakaribisha.

Yule mama wa viazi aliniinamia, akanong'ona, "Ni mama yako huyo?"

"Ndiye," nikasema, kwa sauti iliyomfanya mwalimu ageuke.