Jina Langu Halikuwa Matrah

Nilimdanganya dada yangu kwa neno moja, nalo lilikuwa "tayari".

Aliniuliza sebuleni kwake, mchana wa Ijumaa, nimeshika kikombe cha kahawa mkononi. "Majina ushayahamisha?" Nikamjibu tayari. Zilikuwa zimebaki siku mbili daftari la wapiga kura lifungwe, na sikuwa nimehamisha hata jina moja, si la mke wangu, si la watoto wetu, si langu mwenyewe. Dada akasema alhamdulillah, akanisogezea sahani ya halua. Nikala.

Asiyekulia huku Uarabuni hawezi kuelewa mtu anavyoweza kuzeeka Matrah asiwe mtu wa Matrah. Wazee wetu walitoka Unguja na sisi tukiwa watoto wadogo. Walirudi, ndivyo tulivyofundishwa kusema, ingawa mimi na dada tulirudi mahali ambapo hatujawahi kufika. Ili tupate karatasi zetu ilibidi mtu athibitishe asili yetu, na sheikh wa mji wa babu, huko ndani ng'ambo ya milima, akatia sahihi kwamba hawa ni wetu. Tangu siku hiyo majina ya ukoo mzima yamekaa kule. Mji wenyewe nimefika mara tatu, zote kwenye mazishi, na mara zote tatu niliuliza njia.

Sisi tulipanga nyumba Matrah, kisha tukainunua, na humo dada hajatoka mpaka leo. Mimi naishi vichochoro viwili kutoka kwake. Alisomesha wasichana wa hapa maisha yake yote ya kazi, akastaafu akiwa mwalimu mkuu. Ukitembea naye sokoni hufiki, kwa sababu kila hatua kuna mama mtu mzima anayemwamkia kwa kuinamisha kichwa kama aliyechelewa darasani.

Kilichomtia kwenye uchaguzi ni maji. Mvua moja iliteremka mlimani, wadi, lile bonde la mto mkavu, likajaa, likaingia nyumba za mtaa wa chini. Mjane mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alipoteza kila kitu hadi magodoro. Dada alikwenda kumfariji, akakuta matope yamefika usawa wa madirisha. Alirudi nyumbani viatu mkononi, akakaa, akasema, "Kila mvua ni haya haya, na hapana hata mmoja anayeuliza. Mie nitauliza." Kila wilaya huchagua wajumbe wake wa Baraza la Shura. Akaamua kugombea.

Nilijua hatapita. Nilijua siku ile ile, na sikumwambia, nikajiona muungwana.

Huku kura hupigwa mara mbili. Ya kwanza hupigwa kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa ukoo, kwa kahawa na tende. Wakubwa hukaa, huzungumza habari za afya na ngamia na barabara, na wakiinuka mtu ameshapatikana. Ya pili ndiyo hii inayotangazwa redioni. Koo za Matrah zina sabla zao, na zilikuwa zimeshakaa. Sabla yetu sisi iko kwa babu, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari.

Dada hakuwa mjinga, aliyaona yote hayo. "Wanafunzi wangu waume zao washawaambia la kufanya," aliniambia. "Nyinyi ndio wangu." Alikuwa amekwisha kulihamisha jina lake, maana bila hivyo asingekubaliwa kugombea. Akanipa karatasi aliyoandika kwa mkono, majina kumi na matano ya ndugu zetu wanaokaa Matrah, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kila mmoja kuhamisha jina lake kwa simu. Nilifanya kazi ya usajili wa wanafunzi miaka mingi kule chuoni, Al Khoudh. Kuhamisha majina ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri duniani.

Nilianza kwa ami, kaka wa baba, ingawa yeye anakaa Al Khoudh na jina lake halikuwamo. Nilikwenda kumwomba ruhusa tu, na hilo ndilo kosa la watu wa namna yetu. Tunaomba ruhusa ya mambo tunayojua tutakatazwa.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, weye hukumbuki tulivyohangaika. Mie nnakumbuka. Nimesimama mlangoni kwa yule sheikh siku nne, nnangoja aseme mbele za watu kuwa baba yangu ni mtoto wa kwao. Leo weye unataka kulitoa jina kule kwa mikono yako? Kesho wakikuuliza asili yako utawaonesha nini? Leseni ya gari?"

"Ami, ni kura tu," nikasema. "Uraia hauhusiani na hayo."

"Hata Unguja tuliambiwa hayahusiani."

Nilicheka, na njiani nikaacha kucheka. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nina pasipoti tatu zilizokwisha muda wake kabatini, na wallahi nilimwogopa karani ambaye hayupo, nyuma ya meza ambayo haipo, akiniuliza mie ni nani. Nilifika nyumbani nikaikunja karatasi ya dada, nikaitia ndani ya mkebe wa miwani. Ndugu waliponiuliza tufanye nini, niliwaambia wangoje, nitawaita. Sikumwita mtu. Siku zikapita zenyewe, sikuhitaji kufanya lolote, na ndivyo nilivyofanya mambo mengi maishani mwangu.

Picha ya dada ikapanda kwenye nguzo za taa. Alichagua ile ya miwani, hana tabasamu, anatazama kama aliyesikia mtu akicheka nyuma ya darasa. Mlangoni kwake wakawa wanaingia wanawake kila alasiri. Msichana mmoja wa Kiganda anayefanya kazi pale nyumbani ndiye aliyekuwa akizungusha birika la kahawa, akiwasikiliza wote wakiapa kumchagua. Siku moja, wageni walipoondoka, nilimsikia akimwambia dada, "Mama, mimi wangeniruhusu, ningekupigia kura."

"Najua," dada akajibu. "Wewe ningekuamini."

Nilikuwa nimekaa pale pale.

Alishindwa, na kwa mbali. Hata kama sote tungehamisha majina asingepita, tena asingekaribia. Watu wananiambia hivyo kunifariji, mke wangu akiwa wa kwanza, nami nawaitikia. Hawakuwepo mchana ule wa kupiga kura.

Siku ya kupiga kura nilikwenda kwake baada ya adhuhuri. Sasa hakuna foleni wala kituo, mtu anapiga kura kwa simu alipokaa. Nilikuwa nimepanga kumwambia nimeshapiga asubuhi. Nilimkuta amevaa nguo ya Idi na kujifukiza udi, amekaa peke yake kwenye kochi. Wanawake wa kila alasiri hawakuja siku hiyo.

"Umeshapiga?" akauliza. Mdomo wangu ukasema bado, sijui kwa nini. Labda nilichoka kusema uongo, ingawa ningechagua siku nyingine ya kuchoka.

"Basi piga hapa," akasema, akapiga kochi kwa kiganja. "Njoo karibu. Nnataka kuona mtu mmoja akinichagua. Mmoja tu, kwa macho yangu."

Nilikaa. Ningeweza kusema simu imezimika. Nilifungua programu, nikaweka kitambulisho nyuma ya simu, nikautazama uso wangu kwenye kioo hadi ulipokubaliwa. Jina langu likatokea, kamili, na jina la babu mwishoni. Chini yake likatokea jina la wilaya, ile ya mji wa babu. Kisha zikaja picha za wagombea, wanaume tu, vilemba vizuri, nyuso ambazo sijapata kuziona.

Dada aliinama, akazisoma zote taratibu, toka juu hadi chini, kama anayesahihisha mtihani. Akarudi juu, akalisoma jina la wilaya. Aliposogea nyuma, nilingoja anitukane. Niliomba anitukane.

"Na wengine?" akauliza.

"Hao pia. Wote, dada. Ami alisema..."

"Najua ami alisema nini. Mie pia aliniambia." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mchague mmoja basi. Usiiache bure."

"Siwajui."

"Chagua, mdogo wangu. Kule ndiko jina lako liliko, lipe kazi."

Nikabonyeza uso wa mtu nisiyemjua. Simu ikanishukuru.

Nikakamata hesabu kama mtu anayezama anavyokamata chochote. Nikamwambia angalau ana kura yake mwenyewe, hiyo hakuna wa kumnyang'anya.

Dada akatazama upande wa dirisha. Masikio yake yalikuwa mekundu, kitu ambacho sijakiona tangu tukiwa watoto.

"Nimepiga asubuhi," akasema. "Nimempa yule bwana wa mtaa wa nyuma, mgombea mwenzangu, mkewe tulisomesha pamoja. Niliona haya kujichagua mwenyewe. Nilisema, nyinyi si mpo."