Jino la Tarumbeta

Pasaka ilikuwa imekaribia, jino langu la mbele lilipoanza kunikorofisha, na kati ya meno yote hilo silifanyii mchezo. Ndilo linalobeba mdomo wa tarumbeta. Sisi Walutheri ambao baba zetu waliteremka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini na matarumbeta kabla jua halijatoka, tunawapigia waliolala. Mke wangu amelala Pongwe. Tangu tumzike sikuwahi kukosa kumpulizia, na asubuhi hiyo moja ndiyo inayonivusha mwaka mzima.

Daktari wa meno mjini, binti wa Kihindi mwenye ushungi na mikono myepesi, alinipokea kwa shikamoo, akanipiga picha ya jino, akakunja uso. Kiini kimekufa, akasema, na ndani ya mzizi wamejaa bakteria.

"Nipe vidonge, mwanangu, niende zangu."

"Vidonge haviwafikii, baba. Unaujua ule utelezi unaoganda ndani ya mtungi wa maji? Unasuuza, unamwaga, wenyewe upo palepale. Na hawa wamejijengea utando wa namna hiyo, wamejificha humo."

Akausugua mzizi kwa visindano vyembamba, akauosha kwa dawa yenye harufu kama ile ya kufulia mashuka meupe, kisha akaujaza dawa nyingine, nyeupe kama chokaa iliyokorogwa, akaziba juu kwa muda. Dawa hiyo haina haraka, akasema. Itakaa humo wiki kadhaa ikiwamaliza waliobaki. Mpaka atakapoitoa, nisipulize.

"Hata Pasaka?"

"Hata Pasaka, baba. Ukilikandamiza sasa, kizibo kikapasuka, watarudi. Hapo itabidi niling'oe."

Nilitoka nimenuna. Nyumbani niliwakasirikia wote: daktari, bakteria, hata marehemu mwenyewe kwa kuniachia nyumba kimya namna ile. Nikaitoa tarumbeta, nikaisugua, nikaigusisha mdomoni, nikairudisha kwenye mfuko wake. Nimpulizie mara hii nikose zote zinazokuja, au nimnyime mara hii? Kila nilipowaza hivyo ulimi ulikwenda wenyewe kupapasa kile kizibo.

Alfajiri ilipofika nilikwenda mikono mitupu. Wenzangu wakapuliza, nafasi yangu ikabaki wazi katikati ya wimbo, na sidhani kama kuna aliyeisikia isipokuwa mimi. Nilisimama kwenye nyasi zilizolowa mvua ya masika nikalia bila aibu. Nilimtamani mke wangu kuliko hata siku ya mazishi.

Wiki zikapita. Daktari akafungua jino, akachungulia: pakavu, hakuna usaha, hakuna harufu. Akaziba moja kwa moja, akanitaka nivumilie kidogo, kisha nianze taratibu.

Nilipoona liko sawa nilikwenda Pongwe peke yangu, siku ya kazi, jua kali. Nikaupuliza wimbo wa Pasaka mwanzo mpaka mwisho, sauti ya pili, ile ya kusindikiza, maana nyingine siijui. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia kaburi la jirani akainuka na jembe lake, akasikiliza.

"Wimbo gani huo, baba?"

Nikamtajia.

"Huo si ndio tunaouimba kila mwaka? Mbona siutambui?"

Hakukosea. Sauti ya pili bila ya kwanza haina mbele wala nyuma. Lakini mke wangu ndivyo alivyoujua. Miaka yote nilipojifunzia uani, yeye akikuna nazi, aliisikia hiyo tu, na tukitoka kanisani alilalamika njia nzima kwamba wenzangu wameuharibu wimbo. Nikamwambia yule mama aendelee tu na palizi, kwamba duniani alikuwapo mmoja wa kuutambua, na ndiye niliyemfuata hapa. Nikauanza tena.